MBUZI WA MAMA NA WAKATI UJAO WA KIINGEREZA

Najua ukiona kichwa cha makala haya utashangaa. Hata katika kikao cha Chama cha Kiswahili, niliposema kwamba nitaandika juu ya Kiingereza, wenzangu waliangua kicheko na mmoja akaniuliza, “Kwani umepotea njia? Klabu ya Kiingereza si iko darasa lile lingine?” Niliwajibu kuwa makosa yetu mengi ya Kiingereza huzaliwa katika Kiswahili, kwa hivyo dawa yake nayo tuitafute hapa nyumbani. Mlezi wa chama alikubali, ila alinipa sharti moja: nieleze pia kilichonisukuma. Basi nitaeleza, ingawa ni aibu.

Muhula wa kwanza mwaka huu nilikuwa na salio la shilingi 3,500, pesa za chakula cha mchana. Orodha iliposomwa gwarideni asubuhi ya Jumatatu, jina langu lilikuwa la nne. Mama alikuwa amepanga kuuza mbuzi siku ya soko, yaani Jumatano. Nikaona sina haja ya kukaa nyumbani siku tatu bure, masomo yakinipita. Nilikaa nyuma ya darasa nikaandika barua kwa Kiingereza safi, au ndivyo nilivyodhani, nikaipeleka kwa karani wa karo. Sentensi iliyobeba barua yote ilikuwa hii: “If my mother will sell the goat on Wednesday, I will bring the money on Thursday.”

Kichwani mwangu nilikuwa nimesema kwamba mama atakapouza mbuzi Jumatano, nitaleta pesa Alhamisi. Karani aliisoma mara mbili kisha akavua miwani.

“Kwani mama yako hataki kuuza huyo mbuzi?”

“Anataka, Madam.”

“Sasa mbona umeandika ati kama atakubali kuuza? Kuna maneno huko nyumbani? Enda umwambie mama aje tuongee.”

Nilienda mbio. Mama alifunga kibanda chake cha mboga, akaja na leso yake kiunoni, akasimama kwenye dirisha la karani. “Mwalimu,” akasema, “ni nani amesema nimekataa kuuza mbuzi? Huyo mbuzi nimemfunga kamba tangu juzi!” Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Mwishowe mambo yalieleweka na nikaruhusiwa kurudi darasani, lakini mama alikuwa amepoteza mauzo ya asubuhi nzima. Tulipokuwa tukiagana langoni aliniuliza, “Miaka yote hii mnafundishwa Kiingereza, na kuandika tu kwamba mbuzi atauzwa kumekushinda?”

Simlaumu karani. Nilikuja kujua baadaye kwamba sentensi yangu ilikuwa inasema vile vile alivyoisoma. Nilikuwa nimeandika jambo ambalo sikulijua. Jioni hiyo nilimfuata mwalimu wetu wa Kiingereza, na kesho yake nikamfuata mlezi wetu wa Kiswahili, na haya ninayoandika ni matunda ya siku hizo mbili pamoja na madaftari ya wenzangu ambayo nimeyachunguza tangu hapo. Msiogope, sitataja jina la mtu.

Tuanze na umbo, manake hapo hakuna taabu kubwa. Chukua neno “nitasoma” ulikatekate: ni-ta-soma. Sasa liweke kando ya “I will read”. Unaona? Kiswahili kinabandika vipande pamoja na Kiingereza kinaacha nafasi katikati, lakini foleni ni ile ile: kwanza mtenda, kisha alama ya wakati ujao, kisha kitenzi. Na jinsi -ta- isivyobadilika katika nitasoma, utasoma, atasoma na watasoma, ndivyo “will” nayo isivyobadilika. Ile “s” ya “he reads” tuliyopigiwa kelele tangu shule ya msingi haina kazi hapa. Hakuna “he wills read” wala “she will reads”. Ni “he will read”, basi.

Lakini kuna mitego. Wa kwanza ni “he will to come”, na unatoka moja kwa moja katika “atakuja”. Sisi tunasikia ile ku- ndani ya atakuja, atakula, atakunywa, atakufa, tukafikiri Kiingereza nacho kinaitaka. Mlezi wetu alinieleza kwamba ku- hiyo haileti maana yoyote mle ndani. Vitenzi hivyo vina silabi moja tu, na mkazo wa Kiswahili hukaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Bila ku- mkazo ungeangukia -ta-, nayo -ta- haiwezi kubeba mkazo, kwa hivyo ku- huitwa iubebe. Ni kama mtu anayesimamishwa kushika mlango tu. Kiingereza hakina shida hiyo, kwa hivyo ni “he will come”, “he will eat”.

Mwingine ni “I will can”. Sisi tunasema nitaweza bila wasiwasi, lakini kwa Kiingereza “will” na “can” ni visaidizi viwili vya aina moja na havikai kiti kimoja. Itabidi useme “I will be able to”. Halafu kuna wale wanaoandika “She will happy when she sees me”. Hao nawaelewa kabisa! Kwa Kiswahili kufurahi ni kitenzi, kwa hivyo “atafurahi” limekamilika. Kwa Kiingereza “happy” ni kivumishi, na kivumishi hakiwezi kusimama baada ya “will” bila “be” kukishika mkono. Ni sawa na sisi tunavyosema “atakuwa mgonjwa”, hatusemi “atamgonjwa”.

Kukanusha ni rahisi. Kiswahili hukanusha mwanzoni mwa neno, hatasoma, sitasoma, lakini Kiingereza huweka “not” nyuma ya “will”, yaani “he will not read”. Kwa kufupisha ni “won't”. Hapo darasa zima liliwahi kumuuliza mwalimu mbona isiwe “willn't”, akasema zamani Waingereza wengine walitamka “wol” badala ya “will”, na kifupi cha “wol not” ndicho kilichobaki.

Katika maswali, sisi hatusogezi kitu. Tunapandisha sauti tu: Utakuja kesho? Mwingereza hana budi kuitanguliza “will” aseme “Will you come tomorrow?” Ukisema “You will come tomorrow?” atakuelewa, lakini atadhani umeshtuka kusikia habari hiyo. Na ukiulizwa “Won't you come?” tafadhali usijibu “Yes” ukiwa na maana kwamba huji. Kiswahili kinaruhusu: “Hutakuja?” “Ndiyo, sitakuja.” Ndiyo yetu inakubaliana na aliyeuliza. Kwa Kiingereza jibu linafuata tendo lenyewe: kama hutakuja, ni “No, I won't”. Kwa sababu ya jambo hili dogo, rafiki yangu mmoja aliwekewa sahani ya chakula katika sherehe ambayo hakwenda.

Sasa tufike kwa mbuzi.

Mlezi wetu aliniuliza swali ambalo sikuwahi kulifikiria: hii -ta- yetu ilitoka wapi? Nikanyamaza. Akaandika ubaoni: nitakapofika, atakayeshinda, watakaokuja. “Unaona nini katikati?” Nikaona -taka-. Kumbe! Wataalamu wa lugha wanaeleza kwamba -ta- ni ufupisho wa kitenzi taka. Zamani mtu alisema kitu kama “nataka kwenda”, na polepole kutaka kukageuka kuwa wakati ujao. Neno likachakaa kwa kutumiwa hadi ikabaki -ta-, lakini katika virejeshi umbo lote bado limekaa. Watu wa Pwani wamelifupisha hata zaidi, husema ntakuja, ntaenda, kama vile Waingereza wanavyofupisha “I will” ikawa “I'll”.

Nilipopeleka habari hii kwa mwalimu wa Kiingereza alicheka, akaniambia “will” nayo ina historia iyo hiyo. Katika Kiingereza cha kale kitenzi “willan” kilikuwa na maana ya kutaka. Kijerumani, ambacho ni ndugu yake, bado kinatumia “ich will” kwa maana ya “nataka”. Na wosia anaouacha mtu akifa unaitwa “will” kwa Kiingereza, manake ni matakwa yake. Lugha mbili zilizokua mbali hivyo, kila moja ikichukua neno la kutaka na kulifanya kesho! Mimi jambo hilo lilinifurahisha kuliko alama zozote nilizowahi kupata.

Lakini hapa ndipo tofauti inapoingia. Kwetu, kutaka kumekufa ndani ya -ta-. Ukisema “mvua itanyesha” hakuna anayefikiri mvua ina matakwa. Kwa Kiingereza kutaka hakujafa kabisa ndani ya “will”. Kumelala tu, na mojawapo ya maneno yanayokuamsha ni “if”. “If you will wait here” maana yake ni ukikubali kungoja hapa, ukiwa radhi. Kwa hivyo “if my mother will sell the goat” ni kama mama ataridhia kuuza mbuzi, na mtu akisoma hivyo ataona mama mkaidi ameshika kamba ya mbuzi wake hataki kumwachilia. Karani alisoma sawasawa.

Kanuni yenyewe ni fupi. Katika sehemu ya sentensi inayoanza na “if”, “when”, “before”, “until”, “as soon as” au “unless”, ukizungumzia jambo la mbele, usiweke “will”. Weka wakati uliopo: “When my mother sells the goat, I will bring the money.” “Will” inakaa upande mmoja tu, upande wa jambo litakalofuata.

Wengi wetu huikariri kanuni hii na bado tunakosea, kwa sababu kanuni ya kukariri hukimbia mtihani ukifika. Mimi nimepata njia nyingine, nayo ni kusikiliza Kiswahili chenyewe. Hebu tafsiri maneno hayo moja moja. “If he comes” ni akija. Hamna -ta- hapo! “Before he comes” ni kabla hajaja. Hamna -ta-. “Until he comes” ni mpaka aje. Hamna. Kiswahili sanifu kinakubaliana na Kiingereza karibu kila mahali, hakiweki wakati ujao huko. Wanaotuponza ni wawili tu. Mmoja ni -po-, maana atakapokuja ina -taka- nzima ndani yake, ndipo mtu anaandika “when he will come”. Wa pili ni kama, tunaposema kwa mazoea “kama atakuja nitamwambia” badala ya “akija nitamwambia”. Ukiwajua hao wawili, umemaliza kazi kubwa.

Tahadhari moja, na hii iliwashinda hata vinara wa darasa letu. Kuna “when” nyingine inayokubali “will”. Sentensi “I don't know when he will come” ni sahihi kabisa. Utazitofautishaje? Rudi kwa Kiswahili. Ile ya kwanza ni atakapokuja, na hii ni sijui atakuja lini. Ukiweza kutia lini, acha “will” ikae. Ukitia -po-, iondoe. Kwa “if” jaribu kuongeza au la. “Sijui kama atakuja au la” inaleta maana, kwa hivyo “I don't know if he will come”. Lakini “kama atakuja au la, mpe barua hii” imeharibika, inataka “akija, mpe barua hii”, kwa hivyo “if he comes, give him this letter”. Nimejaribu kipimo hiki kwa sentensi nyingi za mazoezi na hakijaniangusha.

Baada ya hapo swali ninaloulizwa zaidi ni juu ya “going to”. Je, si ni wakati ujao ule ule? Ndiyo na siyo. Ukiamua jambo papo hapo, tumia “will”. Mwalimu ameingia na rundo la madaftari, anauliza nani atamsaidia, nawe unaruka na kusema “I will help you”. Ukisema “I am going to help you” itasikika kama ulijua tangu jana kwamba atakuja na mzigo, ukajipanga. Kumbe “going to” ni ya mipango iliyokwisha kuwekwa moyoni: “I am going to wash my uniform on Saturday.”

Pia ni ya jambo ambalo dalili zake unaziona kwa macho. Hapo Kiswahili cha kila siku kina neno lake, ingawa hatulitambui. Mawingu yakiwa meusi, je, tunasema mvua itanyesha? Mara nyingi tunasema “mvua inataka kunyesha”. Sufuria ikiwa ukingoni mwa meza tunasema “inataka kuanguka”. Basi hiyo inataka ndiyo “going to”: “It is going to rain”, “the pot is going to fall”. Ukipiga kelele “the pot will fall!” itakuwa imeshavunjika kabla hujaeleweka. Katika utabiri wa kawaida usio na dalili, kama vile nani atashinda mechi, yote mawili yanakubalika na msigombane.

Kwa ratiba na mipango iliyofungwa, Kiingereza hutumia wakati uliopo kama sisi. Basi linaondoka saa kumi na mbili kesho, “the bus leaves at six tomorrow”. Kesho naenda Kisumu, “I am going to Kisumu tomorrow”. Hapa tafsiri ya moja kwa moja inakubali, ila usiipeleke mpaka kwenye ile “nakuja” yetu. Mkenya akiinuka kutoka mezani na kuelekea mlangoni husema “I'm coming”, na mgeni hubaki kinywa wazi akimwona anaenda zake! Sema “I'll be back”.

Mwisho ni “shall”. Asili yake ni deni na wajibu, si kutaka. Mwaka 1653 John Wallis alichapisha kitabu cha sarufi ya Kiingereza kwa Kilatini, akaeleza kwamba ukitabiri tu, “I” na “we” huchukua “shall” na nafsi nyingine huchukua “will”. Kanuni hiyo ilipokelewa shuleni karne nyingi, na wazee wetu waliosoma zamani bado wanaitetea. Siku hizi “I will” haimkosei mtu. “Shall” imebakiwa na nyumba mbili. Moja ni ya sheria, ambako maana yake ni lazima. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 imejaa “shall” za namna hiyo, na sheria za shule zilizobandikwa ukutani vilevile. Nyumba ya pili ni swali la kujitolea au kupendekeza. “Shall I open the window?” si “nitafungua dirisha?” bali “nifungue dirisha?” “Shall we go?” ni “twende?” Ukiona kitenzi chako cha Kiswahili kinaishia kwa -e namna hiyo katika swali la “mimi” au “sisi”, weka “shall” bila kusita.

Mbuzi aliuzwa Jumatano hiyo, na Alhamisi nilipeleka pesa pamoja na barua nyingine fupi ya kuomba radhi. Karani aliipitia na kalamu nyekundu mkononi. Hakupata pa kuandika.

Kwa wanaotaka kujipima, tafsirini sentensi hizi kwa Kiingereza, kisha mnitafute wakati wa mapumziko tulinganishe majibu. Sijui mama atarudi lini. Mama atakaporudi, nitamwonyesha barua. Angalia, huyo mtoto anataka kuanguka! Nikubebee mkoba? Hatakula mpaka baba aje. Na kama umeulizwa “Won't you try?” na hutaki kujaribu, utajibu nini?